Gari Likishapita Kwenye Maji Mengi: Tuangalie Nini, na Nani Aamue?



Mvua zinapoanza mwezi Novemba hadi zinapokoma Aprili au Mei, liko swali linaloletwa ofisi ya miradi mara kwa mara. Gari limepita kwenye maji mengi, limefika nyumbani na linatembea. Je, limeharibika? Wapo wanaouliza kwa hofu kubwa, na wapo wasiouliza kabisa kwa sababu injini inawaka. Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza wote namna maji yanavyoharibu gari, mambo ya kufanya siku hiyo hiyo, na uamuzi ambao kamati inapaswa kuufanya kabla gari halijafika kwenye maji.

HALI YA BARABARA ZETU

Barabara kuu za mikoa ya Shinyanga na Geita nyingi sasa ni za lami, na tangu Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limeondoa adha ya kusubiri kivuko. Lakini mitaa yetu mingi haiko kando ya lami. Iko ndani, kwenye barabara za udongo ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, na huko maji hukaa.

Sababu kubwa ni udongo. Wakulima wa Kisukuma wanaujua vizuri: juu kwenye miinuko ni luseni, udongo wa kichanga unaonywa maji upesi, chini bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa pana. Ikinyesha, udongo huo huvimba, nyufa hujifunga, na maji hayana pa kwenda. Ndiyo maana mbuga inafaa kwa majaruba ya mpunga, na ndiyo maana barabara inayopita humo hugeuka jaruba.

Kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, kuna mambo mawili ya kuongeza. Malori mazito huchimba mifereji ya matairi ambayo haionekani ikishajaa maji. Tena, katika maeneo ya wachimbaji wadogo yapo maduara ya zamani ambayo hayakufukiwa, na mengine yako karibu na njia. Maji ya rangi ya udongo hayamwonyeshi dereva kama chini yake kuna barabara au shimo.

MAJI YANAINGIA WAPI?

Njia ya kwanza, na ya hatari kuliko zote, ni ile injini inayovutia hewa. Pistoni hupanda na kuibana hewa. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikikutana na maji hukwama, na mkono wa chuma unaoiunganisha na kranki hupinda au kukatika. Maji yanayotosha kuleta hasara hiyo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chukueni injini ya dizeli ya Toyota yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi za miradi. Kila silinda ina ujazo wa karibu mililita 694, na hewa hubanwa mara 22 hivi. Nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni mililita 32 au 33 tu, yaani vijiko viwili vya chakula. Gari dogo la petroli halitofautiani sana. Nafasi yake ni kama mililita 40. Tena mdomo wa kuvutia hewa wa magari madogo mara nyingi uko chini, karibu na taa ya mbele.

Bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, ambalo wengi huliita mkonga, husaidia hapo. Lakini husaidia hapo tu. Viungo vyake vikiachia, huvuta maji kama kawaida, na halizuii maji kuingia sehemu nyingine.

Njia ya pili ni difu, giaboksi na beringi za magurudumu. Vyombo hivi vikiwa safarini huwa vya moto. Vikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta kutoka nje. Kama mpira wa kupumulia umeziba au oili sili imechoka, kinachovutwa ni maji. Gari halitaonyesha chochote siku hiyo. Wiki kadhaa baadaye difu itaanza kulia, na fundi atakuta meno yameliwa.

Njia ya tatu ni umeme: stata, altaneta, soketi za nyaya na, kwa magari ya siku hizi, kompyuta zilizofungwa chini ya kiti au pembeni mwa miguu ya abiria. Maji safi yakikauka yanaweza yasilete madhara. Maji ya tope huacha uchafu na kutu, na hitilafu huja kidogo kidogo.

GARI LIKIZIMIKA MAJINI

Hapa tunaomba dereva na abiria wote washike neno moja: LISIWASHWE. Injini iliyozimika ndani ya maji huenda bado ni nzima. Inayoivunja mara nyingi ni ile jitihada ya kuwasha tena. Kusukuma gari ili liwake ni vilevile, kwa sababu pistoni zinazungushwa na magurudumu badala ya stata. Vijana wa kijijini wana moyo wa kusaidia. Waombwe kulisukuma gari likiwa limetolewa gia, litoke majini tu.

Likishatoka, fuateni utaratibu huu:

1. Ondoeni waya hasi wa betri.

2. Fungueni chujio la hewa. Likiwa kavu kabisa, pamoja na bomba lake, huenda tatizo ni la umeme. Likiwa limelowa, injini isizungushwe mpaka fundi afike.

3. Fundi atafungua nozeli, au plagi kwa gari la petroli, kisha ataizungusha injini ili maji yaruke nje.

4. Oili ya injini ibadilishwe pamoja na chujio lake kabla ya kuwasha.

Kazi hii isingoje wiki. Silinda zenye maji huanza kushika kutu baada ya siku chache, na injini ambayo ingepona kwa gharama ya oili huishia kufumuliwa yote.

GARI LIKIVUKA SALAMA

Mkiisha kuvuka, endesheni polepole na kukanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke na kushika. Breki zilizolowa hazishiki mara moja, na ajali nyingine hutokea ng'ambo ya maji.

Mkifika, kabla ya gari kupangiwa safari nyingine:

Chomoeni kijiti cha kupimia oili ya injini. Oili iliyoingiwa na maji hufanana na chai ya maziwa, au kipimo huwa kimepanda kuliko jana. Ikiwa hivyo, msiwashe tena.

Fungueni nati ya difu ya mbele, ya nyuma, giaboksi na transfa. Mtazame rangi ile ile ya chai ya maziwa. Ikionekana, mwageni na kuweka mpya. Kama maji yalizidi kitovu cha gurudumu, angalieni hata kama gari linatembea vizuri.

Pigeni grisi mpya kwenye krosi za propela na kila penye nipo. Grisi mpya husukuma nje maji na mchanga.

Fungueni magurudumu na kusafisha madramu ya breki. Tope la mbuga likikauka ndani huwa gumu kama tofali.

Osheni rejeta kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Nyasi na tope vikiziba matundu yake, injini itachemka siku ya jua.

Toeni mazulia na kukausha sakafu, kwa kuwa nyaya nyingi hupita chini yake.

Baada ya kilomita 500 hivi, angalieni oili mara ya pili. Kama yote ni mazuri, wasiwasi uishe.

KABLA YA KUINGIA MAJINI

Hadi hapa tumezungumzia chuma, na chuma hununuliwa. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu mbele ya watu waliosimama ukingoni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko asubuhi wakati wa kwenda shuleni, na watoto kadhaa walipoteza maisha. Mwezi huo huo Serikali ilitangaza kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini Tanzania.

Kwaya zetu nazo husafiri. Semina, maziko na mikutano ya jimbo havisubiri kiangazi. Kwa hiyo vipimo hivi vijulikane kwa kila mtu: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule, yanaweza kulielea gari dogo. Yakifika sentimita 60 yanaweza kuchukua magari mengi, hata pikapu. Uzito wa gari hauleti usalama kama watu wanavyofikiri, kwa sababu maji yakishaliinua matairi hayashiki tena chini.

Maji yaliyosimama yanaweza kupimwa kwa fimbo ndefu na mtu mzima anayeijua njia. Asitumwe mtoto. Maji yanayotembea yasipimwe kwa miguu. Kama mtu hawezi kusimama, gari lisiingie. Daraja mfuto likiwa limefunikwa, subirini. Mito yetu mingi ya msimu hujaa kwa saa chache na kupungua kwa saa chache. Na usiku, msivuke.

NANI AAMUE?

Kwa uzoefu wetu, dereva mara nyingi anajua kwamba maji hayapitiki. Kinachomwingiza ni sauti za nyuma yake: mgeni anasubiri, ibada imeshaanza, gari la jana lilipita. Dereva ni mwajiriwa, na wanaomhimiza ni wakubwa wake. Ni vigumu kwake kukataa peke yake.

Tunaomba kila kamati ya usharika ipitishe na kuandika katika muhtasari kwamba kwenye maji neno la dereva ndilo la mwisho, hata kama ndani ya gari yumo mchungaji, mratibu au mgeni kutoka ng'ambo, na kwamba dereva hatalaumiwa kwa kuchelewa wala kwa kurudi. Pili, kamati itenge fedha za oili na grisi za masika mapema, kabla ya Novemba. Tatu, isome mkataba wa bima. Bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine. Haitengenezi gari lenu. Nne, kalavati zilizoziba zitolewe taarifa kwa serikali ya kijiji na TARURA wakati wa kiangazi, ambapo zinaweza kuzibuliwa kwa jembe.

Kwa wahisani wetu, tunashukuru kwa magari mliyotupatia. Gari likilala gereji, kliniki ya mama na mtoto nayo hulala, na mbegu hubaki ghalani wakati wa kupanda. Mnapopanga bajeti ya gari, tunaomba iwepo na sehemu ya matunzo ya masika. Na mtakapotutembelea kati ya Novemba na Mei, mkiambiwa kwamba leo hatuvuki, tunaomba mkubaliane nasi. Watu wa upande wa pili watatungoja hadi kesho.