Kuuona Uwazi: Misingi ya Hadubini ya Utofautishaji wa Awamu

Utangulizi

Seli hai nyingi hazina rangi na zimejaa maji, hivyo nuru hupita ndani yake bila kufifia kwa kiasi cha kuonekana. Chini ya hadubini ya kawaida, seli ya namna hiyo hukaribia kutoonekana kabisa. Suluhisho la tangu zamani ni kuitia rangi, lakini taratibu nyingi za kutia rangi huiua. Mtafiti hubaki na umbo, ilhali mwendo na mgawanyiko wa seli vimekwisha kutoweka. Makala haya yanafafanua jinsi utofautishaji wa awamu unavyotatua tatizo hilo, pamoja na mipaka ambayo wapangaji wa maabara wanapaswa kuizingatia.

Dhana ya awamu

Neno awamu, lililozoeleka katika siasa, hapa lina maana ya nafasi ya wimbi katika mzunguko wake. Nuru husafiri polepole zaidi ndani ya seli kuliko katika maji yanayoizunguka. Kwa hiyo wimbi lililopita ndani ya seli hutoka likiwa nyuma ya lile lililopita kando. Jicho na kamera hupima mwangaza, wala si kuchelewa huko. Taarifa ipo, ila haisomeki.

Ugunduzi wa Zernike

Ufumbuzi ulitolewa katika miaka ya 1930 na Frits Zernike, mwanafizikia wa Groningen, Uholanzi, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1953. Alitambua kwamba taswira huundwa na nuru ya aina mbili: iliyopita moja kwa moja na iliyotawanywa na sampuli. Kwa sampuli nyembamba, nuru iliyotawanywa ni hafifu na huwa nyuma kwa takriban robo ya urefu wa wimbi. Tofauti ya robo haitoshi kuyafanya mawimbi yapunguzane nguvu. Nuru ya moja kwa moja ikisogezwa mbele kwa robo nyingine, tofauti huwa nusu: kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, na seli huonekana nyeusi katika uwanja angavu.

Ili kuzitenganisha nuru hizo, kondensa huwekewa kizibo chenye uwazi wa umbo la pete. Taswira ya pete hiyo huangukia bamba la awamu lililo ndani ya lenzi iliyo karibu na sampuli. Nuru ya moja kwa moja hupita katika pete ya bamba, ambayo pia huipunguza nguvu ili ikaribiane na nuru iliyotawanywa. Pete hizo mbili zisipolingana, faida yote hupotea.

Manufaa na mipaka

Mbinu hii hufaa kuchunguza manii, mashapo ya mkojo na seli zinazokuzwa maabarani. Hata hivyo, kingo za seli huzungukwa na duara angavu linalopotosha vipimo, na sampuli nene huvuruga taswira. Aidha, haichukui nafasi ya damu iliyotiwa rangi ya Giemsa katika uchunguzi wa malaria.

Hitimisho

Ununuzi wa lenzi za awamu pekee hautoshi. Kondensa inayolingana nazo, kifaa cha kulinganishia pete na mafunzo ya watumiaji havina budi kuingizwa katika bajeti ileile. Vinginevyo, chombo cha gharama kubwa kitatumika kama hadubini ya kawaida.