Mtoto wa Mwanachuo Analipiwa na Nani?

Mkopo wa elimu ya juu nchini Tanzania umegawanywa katika vipengele sita: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mgawanyo huo unamlenga mwanafunzi wa aina moja: kijana aliyetoka kidato cha sita, hajaoa wala hajaolewa, hana anayemtegemea. Vijana wa namna hiyo ni wengi, sikatai. Lakini katika ukumbi huohuo wa mihadhara ameketi mwalimu mwenye stashahada aliyerudi kusomea shahada, ameketi muuguzi aliyeacha familia mkoani, na ameketi binti aliyejifungua kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kwao gharama inayowaumiza kichwa kila asubuhi ni ya mtu atakayebaki na mtoto. Gharama hiyo haimo katika vipengele sita vya mkopo, na karani au mhudumu wa maktaba wa chuo hichohicho naye haioni popote kwenye hati yake ya mshahara. Malezi ya mtoto mdogo ni sehemu ya gharama ya kusoma na ya kufanya kazi, na yanastahili kuhesabiwa hivyo. Mabishano ya maana yako kwenye namna ya kutoa msaada wenyewe, kwa sababu namna hiyo ndiyo inayoamua nani utamfikia na nani utampita.

Pengo lenyewe ni refu kuliko linavyodhaniwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha. Shule za umma nazo zimekuwa zikipokea watoto bila ada tangu 2016, darasa la awali likiwemo, lakini mtoto huingia huko akikaribia miaka mitano. Kati ya siku ya 85 na darasa la awali kuna zaidi ya miaka minne ambayo mzazi anajitegemea mwenyewe. Shahada nyingi za kwanza huchukua miaka mitatu, kwa hiyo zinaweza kuanza na kumalizika ndani ya pengo hilo. Mwanafunzi hata hizo siku 84 hazimhusu, kwani yeye si mwajiriwa wa mtu. Likimkuta jambo, njia aliyo nayo ni kuahirisha masomo. Sheria hiyo inampa pia mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ni haki nzuri, ila inamfaa mama ambaye mtoto wake yuko jirani. Anayefanya kazi Mlimani huku mtoto akiwa Mbagala atazimalizia saa zake kwenye daladala.

Tupige hesabu kidogo. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri wake. Kwa viwango hivyo, mtu atasema kwa haraka haraka dada wa kazi anagharimu bumu la siku sita tu, tatizo liko wapi? Liko hapa: dada huyo anakula, analala na anaugua kama watu wengine, na hosteli ya chuo haikujengwa kwa ajili ya mama, mtoto na mlezi. Mwanafunzi mwenye mtoto analazimika kupanga chumba mtaani, kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kununua maziwa na mkaa, na kugawa kwa watu watatu fedha iliyokadiriwa kwa mtu mmoja. Isitoshe, mlezi huyo wa bei nafuu mara nyingi ni binti wa kijijini aliyekatisha masomo yake mapema. Msichana mmoja anapata shahada kwa sababu mwingine hayuko shuleni, nasi tunauita utaratibu huo malezi ya bure.

Je, fedha ikitolewa inabadilisha kitu? Ushahidi wa karibu nasi upo. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu akina mama zaidi ya 1,200 wenye watoto wadogo. Baadhi wakapewa vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto, wengine hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopewa vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Akina mama wasio na waume hawakuongezeka kazini, kwa maana wengi wao walikuwa tayari wanahangaika. Wao walihamia kazi za saa chache bila kipato kushuka. Kwa mwanafunzi, hilo la saa lina uzito kuliko la ajira, kwani anachokosa ni saa tatu za kukaa maktaba bila mtoto mgongoni. Nchini Uganda jaribio jingine lililinganisha vocha za malezi na fedha taslimu za thamani ileile kwa akina mama wenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Kipato cha familia kilipanda, na katika familia zenye wazazi wawili aliyeongeza kazi ni baba. Wanaodhani kwamba hili ni jambo la wanawake peke yao wangeliangalia tokeo hilo mara mbili.

Kuhusu wanafunzi wenyewe, takwimu nzuri zaidi ninazozijua zinatoka Marekani. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya huko iliripoti mwaka 2019 kwamba zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya watano wa ngazi ya shahada ya kwanza alikuwa analea mtoto, na zaidi ya nusu ya wanafunzi wazazi waliondoka chuoni bila kuhitimu, ilhali kwa wasio na watoto walioondoka hivyo walikuwa karibu theluthi moja. Nchi hiyo ina mpango wa shirikisho uliowekwa na sheria ya mwaka 1998, ambao hupeleka ruzuku kwenye vyuo ili vilipie malezi ya watoto wa wanafunzi wenye kipato cha chini. Ni mpango mzuri wenye fedha kiduchu, na waliokuwa wakinufaika nao walihesabika kwa maelfu wakati wazazi walikuwa mamilioni. Lakini lenye funzo kubwa kwetu ni jambo dogo zaidi la kiutawala. Sheria ya Marekani inaruhusu chuo kuhesabu malezi ya mtoto ndani ya gharama rasmi za kusoma, na hivyo mwanafunzi akapandishiwa kiwango cha mkopo. Ripoti hiyo ilikuta kwamba tovuti za vyuo vingi hazikuwaambia wanafunzi kuwa haki hiyo ipo. Haki isiyotangazwa humfikia mwenye mjomba ofisini.

Kwa upande wa wafanyakazi, wazo linalokuja haraka ni nafuu ya kodi, kwa kuwa serikali haitoi hela, inaacha tu kukusanya. Marekani imeitumia njia hiyo kwa muda mrefu: mfanyakazi hutenga sehemu ya mshahara kabla haujakatwa kodi, akalipia kituo. Kiwango cha juu kiliwekwa mwaka 1986 kuwa dola 5,000 kwa mwaka, kikakaa hapo karibu miaka 40, ukiacha nyongeza ya muda ya mwaka 2021, hadi sheria ya 2025 ilipokipeleka dola 7,500 kuanzia 2026. Ichukue njia hiyo uiweke juu ya jedwali la kodi ya mishahara la Tanzania uone inampendelea nani. Mhadhiri mwandamizi ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake, ile inayozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi, inakatwa asilimia 30, ataokoa 30,000 kwa kila 100,000 anayoilipa kituoni. Karani anayepata 500,000 yuko kwenye asilimia 8, ataokoa 8,000. Anayelipwa chini ya 270,000 hakatwi kodi hiyo kabisa, kwa hiyo hapati kitu, na mwanafunzi asiye na mshahara hapati kitu vilevile. Huo ni msaada unaopanda kwenda juu kadiri shida inavyoshuka kwenda chini. Siuungi mkono.

England imefanya vizuri zaidi kwa wanafunzi, halafu ikakosea mlangoni. Mwanafunzi wa kutwa wa shahada ya kwanza mwenye kipato kidogo hulipiwa hadi asilimia 85 ya gharama za malezi. Mwaka wa masomo 2024/25 kikomo kilikuwa pauni 193.62 kwa wiki kwa mtoto mmoja na 331.95 kwa wawili au zaidi. Fedha hizo hazirejeshwi, na hupitia akaunti maalumu hadi kwa mlezi aliyesajiliwa. Kwa wazazi waajiriwa, serikali imepanua saa 30 za malezi bila malipo kwa wiki, na tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto wa miezi tisa. Tatizo ni sharti la kipato: mzazi lazima apate angalau sawa na saa 16 za kima cha chini kwa wiki. Mwanafunzi asiye na ajira anabaki nje, isipokuwa kwa zile saa 15 za watoto wa miaka mitatu na minne ambazo ni za wote. Na ile ruzuku ya asilimia 85 haiwagusi wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mama anayesomea shahada ya uzamivu bila ajira anakuta milango yote miwili imefungwa, kila mmoja ukimwelekeza kwenye mwingine. Ndiyo maana nasema mpango wa wanafunzi na ule wa wafanyakazi wa chuo usitenganishwe. Msaidizi wa mhadhiri anayesoma huku akifundisha ni yupi kati ya hao?

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza katika kikao chochote: mtawafundisha wasichana kuzaa wakiwa chuoni. Sijasikia mtu akidai kwamba fedha ya chakula inawafanya wanafunzi wale kupita kiasi. Ruzuku ninayoizungumzia hailipwi mkononi, inalipwa kituoni, na inafidia sehemu tu ya gharama. Hakuna anayebeba mimba ya miezi tisa ili apate punguzo la dei kea. Tena wanafunzi wengi wenye watoto ni watu wazima wenye ndoa zao, ambao tungependa warudi kusoma. Pingamizi la pili, kwamba bibi atamlea mtoto, lina nguvu kidogo zaidi, maana bibi yupo na anapenda wajukuu. Lakini bibi yuko Kasulu na chuo kiko Morogoro, na mtoto anayenyonya hatumwi kwa basi. Halafu kuna suala la fedha, ambalo ndilo zito. Bodi ya Mikopo imeshawekeza kwa mwanafunzi huyo ada na bumu la mwaka mmoja au miwili. Akiacha masomo, deni linabaki bila shahada ya kuliwezesha kulipwa, kwa sababu makato ya asilimia 15 ya mshahara yanahitaji kwanza kuwepo mshahara. Kumalizia nyumba iliyofika kwenye linta ni nafuu kuliko kuiacha inyeshewe.

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu. Québec, huko Kanada, ilianzisha mwaka 1997 malezi ya dola tano kwa siku. Akina mama waliingia kazini kwa wingi, lakini wanauchumi Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walikuta dalili kwamba baadhi ya watoto walizidi kuwa na wasiwasi na ukorofi. Wengine wakajibu kwamba vituo vilitofautiana mno kwa ubora. Pande zote mbili zinanifikisha mahali pamoja: fedha ikimwagwa bila viwango, nafasi zitaongezeka na watoto watarundikwa. England inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu wa chini ya miaka miwili, na mmoja kwa watano wa miaka miwili. Hapo ndipo gharama inapotoka, kwenye mishahara ya walezi. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayosimamia vituo hivi, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021. Ruzuku ifuate kituo kilichosajiliwa peke yake, na usajili wenyewe usiwe mzigo wa kumfukuza mama wa mtaani anayelea watoto sita kwa uangalifu.

Kwa hiyo ningependekeza vocha moja kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano wa mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo, kiasi chake kikipungua kadiri kipato cha wazazi wote wawili kinavyopanda, na baba awe na haki ya kuiomba sawa na mama. Itumike kwenye kituo chochote kilichosajiliwa, si cha chuoni tu, kwa sababu mwanafunzi hupelekwa mkoa mwingine kwa mafunzo kwa vitendo na mtoto huenda naye. Isiwe mkopo: si haki wahitimu wawili wenye shahada ileile mmoja aanze kazi na deni kubwa zaidi kwa kuwa alilea. Bodi ya Mikopo haihitaji kujifunza upya kutoa fedha zisizorejeshwa, kwani tangu 2022/23 inasimamia ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Mwongozo wa mikopo hutolewa kila mwaka. Serikali za wanafunzi na vyama vya wafanyakazi wa vyuo wapeleke ombi lao pamoja kabla ya mwongozo ujao, na kila chuo kianze sasa kwa kuweka swali moja kwenye fomu ya usajili: una mtoto wa chini ya miaka mitano, na mchana anakaa na nani?