Ngazija: Hujafunga harusi kubwa? Hata na mvi zako wewe bado 'mtoto'!

UNA miaka 50, mvi zimejaa kichwani, wajukuu unao. Lakini ukiingia kwenye kikao cha mji unakaa nyuma kimyaa, kwenye uamuzi hupewi nafasi. Kisa? Hujafunga harusi kubwa!

Kasheshe hiyo, msomaji, iko Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro.

Kisiwa chenyewe ni mlima uliochomoza baharini. Karthala, volkano iliyo hai, una mita 2,361. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakaingia mpaka kwenye matangi ya maji ya kunywa. Balaa! Maana huko mvua inanyesha si mchezo, lakini ardhi ya mawe ya volkano inayafyonza maji yote. Mto wa kudumu hakuna, hivyo vijijini wengi wanategemea maji ya kukinga.

Sasa turudi kwenye harusi. Inaitwa anda. Ng'ombe wanachinjwa, bibi harusi anamwagiwa dhahabu, ngoma na twarabu zinarindima siku kadhaa. Kijana anahangaika Marseille, Ufaransa, miaka nenda miaka rudi akidunduliza vijisenti vya shughuli hiyo. Ikifika Julai na Agosti wanamiminika nyumbani. Wenyeji wamewabandika jina la Kifaransa, 'Je viens', yaani 'nakuja'!

Akimaliza anda, mwanamume anaitwa mtu mzima. Anavaa joho lake, msikitini anakaa mbele, na neno lake linasikilizwa. Asiyefanya ni 'mwana wa mji' tu.

Akina dada, chekeni kidogo: nyumba ni ya mke, imejengwa na ukoo wake. Mume ndiye anayehamia. Wakiachana, anayefungasha virago ni yeye!

Rais Ali Soilih alijaribu kuyafuta mambo haya, akiona yanawafukarisha watu. Alipinduliwa Mei 1978, na anda ikarudi kwa kishindo.

Wanaoipinga wanauliza: kwa nini akiba ya miaka 20 iishie kwenye sufuria za pilau? Wanaoitetea wanajibu kwamba sehemu ya michango hujenga misikiti, shule na barabara za vijiji, na kwamba bila anda vijana wa Marseille wangesahau kwao.

Haya, mshikaji, ungekuwa wewe: ungejenga, ungefungua biashara, au ungenunua heshima?