Maana ya Unyenyekevu na Mateso kwa Mkristo

Muhula uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alinijia bwenini. Alilalamika kwamba wakubwa wake humfulisha nguo zao kila Jumamosi, na akikataa hupigwa. Mimi nilikuwa katika kusoma, nikamjibu upesi, "Nyenyekea, mdogo wangu. Hata Bwana Yesu aliteswa." Akaondoka kimya. Rafiki yangu wa kitanda cha jirani, ambaye ni Mwislamu, akaniuliza, "Kumbe dini yenu yamfundisha mnyonge kukubali kuonewa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa wenzangu wa dini zote.

Kwanza yafaa tujue imani yenyewe yasemaje. Mtume Paulo, katika sura ya 2 ya Waraka wake kwa Wafilipi, aeleza kwamba Kristo hakuushikilia ukuu wake, alijishusha akawa kama mtumwa, akakubali hata kufa msalabani. Angalieni, alijishusha mwenyewe. Tena Wakristo huamini kwamba mateso yake yaliwakomboa watu kwa kuwa aliyapokea kwa ajili ya upendo. Maumivu yenyewe si kitu chema. Na katika Injili ya Yohana, sura ya 18, twasoma kwamba alipopigwa kofi na askari hakunyamaza. Alimwuliza sababu ya kumpiga.

Mfano ulionifungua macho ni wa mwanamke Mwafrika, Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudani, yapata mwaka 1869. Angali mtoto mdogo alinyakuliwa na wezi wa watumwa. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Wezi ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati, na neno letu "bahati" ni la shina hilo hilo. Aliuzwa mara kadhaa. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa mwilini mikato 114, kisha chumvi ikasuguliwa katika majeraha ili makovu yasifutike.

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akasafiri naye mpaka Italia. Huko alipewa jamaa nyingine, akawa yaya wa mtoto wao. Baadaye mama wa mtoto alisafiri kwenda Sudani, akamwacha Bakhita na mtoto kwa masista wa shirika la Kanosa mjini Venice. Hapo ndipo alipofundishwa dini. Mwaka 1889 bibi yule akarudi kumchukua. Bakhita akakataa kwenda. Bibi akashikilia kwamba ni mali yake, mpaka shauri likafika mbele ya wakuu wa serikali na wa Kanisa. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba Bakhita ni huru, maana sheria ya Italia haikutambua utumwa.

Kwanza alisema "hapana", na baada ya kuwa huru ndipo alipochagua kuwa mtumishi. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri za usista tarehe 8 Desemba 1896. Tangu mwaka 1902 aliishi mjini Schio, akipika, akishona, na kuwafungulia watu mlango. Mtu angeweza kusema ni kazi zile zile za utumwani. Lakini sasa hakuna aliyeweza kumwuza wala kumpiga, na alizifanya kwa hiari, kwa ajili ya Mungu na wenzake.

Kuna jambo moja lililonishinda kwa muda. Husimuliwa kwamba alisema, kama angekutana na wale waliomwiba, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu pasipo hayo asingelimjua Kristo. Je, ndiyo kusema wizi ule ulikuwa mwema? La. Bakhita hakuyaficha mabaya aliyotendewa. Habari zake zilichapishwa kitabuni mwaka 1931. Na katika ugonjwa wake wa mwisho, akiweweseka, alimwomba mwuguzi amlegezee minyororo, maana ilikuwa mizito. Kwa hiyo aliwasamehe huku jeraha lingalipo. Msamaha ule ulikuwa wake yeye aliyeumizwa. Mtu mwingine hakuwa na haki ya kumdai.

Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu. Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki huitumia siku ya kufa kwake kuombea watu wanaouzwa na kufanywa watumwa.

Sasa naona kosa langu. Unyenyekevu ni mzigo ambao mtu hujitwika mwenyewe. Mimi niliuchukua nikamtwika mdogo wangu, nami nimekaa kitandani. Mkristo akiona mwenzake anateswa, unyenyekevu wampasa yeye mwonaji: aache shughuli zake, ainuke, amsaidie. Nilimwendea kijana yule nikamwomba radhi, kisha tukaenda pamoja kwa mwalimu wa zamu. Siku hizi afua nguo zake tu.

Rafiki yangu nimempa jibu hilo, naye amelikubali. Walimu na wazazi watakaosoma haya na wanisahihishe nilipokosea.