Juma, mjomba wake na utata wa 'put up'

Mnamo mwaka wa 1996, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa sentensi tuifafanue: 'Juma put up with his uncle in Mombasa for three years.' Nami, kwa uhakika wa kijana aliyejiona bingwa wa lugha, niliandika kwamba Juma aliishi kwa mjomba wake mjini Mombasa kwa miaka mitatu. Mwalimu alisoma jibu langu mbele ya darasa, akacheka hadi akatoa leso kufuta machozi. Kumbe Juma alikuwa akimvumilia mjomba! Sikuelezwa nilipokosea. Nilipewa sufuri, nikaamrishwa nikakariri.

Leo ninafundisha isimu chuoni, na ningali nashikilia kwamba kosa lile lilikuwa na mantiki yake. Mtu anayelala hotelini husemwa kwa Kiingereza kuwa 'puts up at a hotel'. Mimi niliteleza kwenye kineno kimoja tu cha mwisho.

Hebu msomaji atazame kazi za 'put up'. Kwa maneno hayo mawili mjenzi husimamisha nyumba, mwanafunzi huinua mkono, mwenye duka hupandisha bei, chama huteua mgombea, karani hubandika tangazo, mwenyeji humpa mgeni malazi, na mnyonge hukataa kushindwa kirahisi. Katika baadhi ya maana hizo bado twaona kitu kikipanda juu. Lakini tukija kwenye kiwakilishi mambo huwa magumu zaidi. 'Put him up' ni mpe malazi. 'Put up with him' ni mvumilie. 'Put him up to it' ni mchochee atende jambo, aghalabu baya. Anayelengwa ni yule yule. Kilichobadilika ni vineno na mpangilio wake. Wala si sisi tu tunaosumbuka. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka wa 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii huwatatiza mno wageni.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wetu hutatizika kwa sababu ambayo walimu wengi hawaitaji. Katika Kiswahili, mabadiliko mengi ya maana hufanyika ndani ya kitenzi chenyewe. Tuna 'piga', halafu 'pigana', halafu 'pigania'. Anayepigania uhuru hauchapi uhuru makofi! Tuna 'weka', kisha 'wekeza', na hakuna anayedhani kwamba mwekezaji ni mtu wa kupanga vitu rafuni. Mkia wa neno umebeba maana mpya, nasi twaupokea bila kushtuka. Kiingereza nacho hukata mkia huo na kuuandika kando, kama neno linalojitegemea. Mwanafunzi huona 'put', hukumbuka 'weka', na hapo ndipo anapotulia. Vineno vinavyofuata huvichukua kama mapambo.

Kwa hivyo orodha ndefu ya vitenzi, inayokaririwa usiku wa kuamkia mtihani wa KCSE, haimfai sana. Mwalimu na aandike 'pigania' ubaoni kando ya 'put up with', aulize darasa ni wapi maana ilipogeukia. Najua baadhi ya wenzangu watanuna, kwani wao hawataki hata neno moja la Kiswahili lisikike katika kipindi cha Kiingereza. Sijui wanaogopa nini. Mwanafunzi huingia darasani na lugha yake kichwani, apende mwalimu asipende.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza sentensi ile ile ya Juma. Watatu kati yao walimlaza kwa mjomba. Sikucheka. Niliandika 'pigania' ubaoni, na dakika chache baadaye binti mmoja wa nyuma akaniuliza iwapo mjomba naye hakuwa akimvumilia Juma.