Damu na Usingizi, Nguvu ya Mkimbiaji

Katika viwanja vya shule za Bukoba na Muleba twaona jambo linalotusikitisha. Msichana aliyeongoza mbio muhula uliopita, sasa huachwa nyuma; pumzi zamkata, kichwa chamzunguka, na apandapo kilima humbidi asimame. Watu husema, "Amekuwa mvivu." Wazazi wapenzi, kabla ya kumlaumu yatupasa kuuliza mambo mawili: damu yake i hali gani, na usiku hulala saa ngapi?

Wekundu wa damu watokana na himoglobini, nayo haifanyiki bila madini ya chuma. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika misuli. Ikipungua, misuli huchoka upesi na moyo hupiga mbio kuliko miguu. Wasichana waliokwisha kubaleghe wamo hatarini zaidi, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi.

Ndizi, chakula chetu cha asili, hushibisha na kutia nguvu, lakini chuma chake ni kidogo. Heri iandamane na maharage, dagaa wa ziwani au nyama, pamoja na chungwa au pera, maana matunda hayo huusaidia mwili kupokea chuma cha maharage. Chai na kahawa tuzipendazo hukizuia. Basi zinywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Tena malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na minyoo ya safura huinyonya damu yenyewe. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Muleba: vyandarua vyenye dawa ya kawaida iliyochanganywa na PBO viliwakinga watoto na malaria kuliko vile vyenye dawa ya kawaida peke yake. Tazameni basi, chandarua kimoja chalinda damu na usingizi pia.

Kijana wa miaka 14 hadi 17 ahitaji kulala saa 8 hadi 10, maana ndipo misuli iliyochoka hutengenezwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliojitahidi kukaa kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa. Mbio zao ziliongezeka, na shabaha yao pia. Lakini kijana wetu atazamaye simu hadi saa sita usiku, kisha akaamka kwa sala ya Alfajiri, amepata saa tano hivi. Dawa yake si kuiacha sala, bali kulala mapema baada ya Isha. Na katika Ramadhani, apumzike kidogo mchana.

Twaonya pia: msinunue vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi chadhuru. Mpelekeni mtoto kituo cha afya apimwe damu, malaria na minyoo. Huenda yule mliyemwita mvivu alikuwa mgonjwa aliyejikaza kukimbia. Naye astahili dawa, si karipio.