Mionzi ya Simu za Mkononi na Afya ya Tezi Dundumio

Tezi dundumio ina umbo la kipepeo na ipo sehemu ya mbele ya shingo. Homoni zake huratibu matumizi ya nishati mwilini, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Kwa kuwa simu hushikwa karibu na shingo wakati wa mazungumzo, watu wengi huuliza iwapo mionzi yake yaweza kuidhuru tezi hii.

Jibu hutegemea aina ya mionzi. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, maelfu ya watoto walipata saratani ya tezi dundumio. Madini joto yenye mionzi yaliingia mwilini mwao, hasa kupitia maziwa, yakajikusanya katika tezi na kuharibu vinasaba. Mawimbi ya redio yatokayo kwenye simu hayana nguvu ya kukata vinasaba. Athari yake iliyothibitika ni kupasha tishu joto kidogo.

Hata hivyo, utafiti haujafungwa. Mwaka 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuzingatia zaidi uvimbe wa ubongo. Majaribio kwa panya kuhusu homoni za tezi yametoa matokeo yanayopingana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka jimbo la Connecticut, Marekani, haukuona uhusiano wa wazi kati ya simu na saratani ya tezi dundumio kwa watumiaji kwa ujumla.

Mwenye wasiwasi anaweza kutumia spika au visikilizio, na kuepuka mazungumzo marefu mahali penye mtandao hafifu, ambapo simu hurusha mawimbi kwa nguvu zaidi.

Hatari iliyo karibu zaidi ni mgonjwa kuona uvimbe shingoni, akailaumu simu, kisha akachelewa kwenda hospitali. Upungufu wa madini joto ni chanzo kikuu cha goita duniani, na kinga yake ni chumvi yenye madini hayo. Uvimbe wa shingo, sauti kukwaruza kwa muda mrefu, uchovu usioelezeka au moyo kwenda mbio ni dalili zinazostahili uchunguzi wa daktari na kipimo cha damu.